Paswadi ya Kompyuta Iliyo Chini ya Blanketi

Naserian,

Barua za zamani zilianza kwa kusema mimi ni mzima na hofu ni kwako tu. Nikianza hivyo nitakuwa nadanganya. Wewe uko nyumbani unafunga mizigo, mimi niko hapa dukani, na leo asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukila chapati za watu watatu. Hofu kwako sina. Hofu iko kwangu.

Nakuandikia nikiwa kwa kaunta ya agrovet, katikati ya magunia ya chakula cha kuku, kwa hivyo ukiona mstari umekatika jua kuna mtu amekuja kutafuta dawa ya kupe. Kesho unaenda Kisumu kusomea upimaji wa ardhi. Mambo ya sweta, neti ya mbu, na kijana yeyote anayesema ameota ndoto juu yako, mama yako ameshamaliza yote, na nikitoka nyumbani nilimwacha akianza tena kutoka mwanzo. Mimi nitakuambia juu ya kitu kimoja. Ndani ya lile begi la bluu, chini ya blanketi, kuna kompyuta. Ni yako. Barua hii utaisoma ukishafika; kesho ukiuliza kwa nini begi ni zito, mama yako atakuambia ni unga, na wewe umezoea kubebeshwa unga.

Najua ulisema hutaki. "Baba, usijisumbue na mambo ya laptop, nitatumia simu." Ulisema hivyo ukiwa umeinama unatafuta kiatu, kwa ile sauti ya kunionea huruma. Nilienda nje nikajifanya naangalia tangi la maji.

Wacha nikwambie ukweli. Tangu uwe darasa la sita, kila kitu chenye betri katika nyumba hii ni wewe unakitengeneza. Simu yangu ikikataa, kabla sijamaliza kueleza unasema, "Baba, lete." Unaichukua, unabonyeza, unanirudishia, na hata kuniangalia huniangalii. Mimi nimekuwa nikijiuliza, huyu mtoto akienda atanihitaji kwa nini? Karo kuna mkopo wa serikali na mshahara wa mama yako. Njia ataonyeshwa na simu. Mbuzi hachungi tena. Basi nikaamua nitajifunza kitu kimoja ambacho wewe hukijui, nikupe, ili siku kikikataa wewe ndio upige simu useme, "Baba, imekwama." Na mimi niseme, "Lete."

Sababu ya pili ni babu yako. Unajua kwetu mtu akikupa mfugo mnaacha kuitana majina. Jina linatoka kwa kile ulichopewa: akikupa ndama, wewe unamwita Paashe na yeye anakuita Paashe, mpaka mmoja wenu aondoke duniani. Siku nilipotoka nyumbani kuja kutafuta kazi huku, wakati Kitengela watu bado wanaiita Noonkopir na usiku unasikia fisi pale kuna supermarket sasa, babu yako alinipa mtamba mwekundu. Tulimwita Nado kwa sababu ya hiyo rangi. Kutoka siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena. Alikuwa anasimama ng'ambo ya korongo anaita, "Paashe," nami naitika kama mtu mkubwa. Nilitaka na sisi tuwe na jina kama hilo. Lakini ng'ombe haingii hosteli, na hata ikiingia, hao wasichana wenzako wataikamua bila kukuuliza.

Kompyuta yenyewe ilitoka kwa Njoroge, yule fundi wa simu wa mlango wa pili. Njoroge alikuwa anatafuta mbuzi za kupeleka kwa wakwe, na wakwe zake si watu wa kudanganywa na mbuzi mwenye mafua. Mimi niko na mbuzi. Yeye alikuwa na laptop ya mtumba iliyotoka ofisi fulani ng'ambo. Tukaelewana kabla chai haijapoa. Mbuzi zangu zilipokelewa vizuri sana kule kwa wakwe, mpaka mzee mmoja akauliza zimetoka kwa nani. Laptop ndiyo ilinitoa jasho. Nilikuwa naiwasha, nafagia duka, napanga chumvi ya ng'ombe, nahudumia wateja, ndio inaniuliza mimi ni nani.

Njoroge akaiangalia akasema, "Mzee, hii mashine si mgonjwa. Imezeeka tu, na imebebeshwa mzigo wa kijana." Akasema anaweza kunitilia Windows ya magendo, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, anajua mahali iko. Nikakataa. Nimeuza dawa za mifugo miaka mingi, najua chupa isiyo na lebo inafanyia ng'ombe nini. "Basi weka Linux," akasema. "Hiyo ni nyepesi, na ni ya bure, na si ya wizi."

Hapo nilikaribia kuondoka. Mimi ni mtu wa Kitengela, Naserian. Nimeona ploti moja ikiuzwa kwa watu watatu, na kila mmoja ana karatasi yake na kila mmoja ameweka mawe ya kujengea. Wewe unaenda kusoma kupima ardhi, utakuja kuniambia vile hiyo inawezekana. Kitu cha bure kwangu ni kitu ambacho mwenyewe hajajitokeza bado. Njoroge akanieleza pole pole kwamba kuna watu kila pahali duniani wanaitengeneza pamoja, kila mtu anaweka kipande chake, na yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua aone ndani, na kumgawia mwenzake. Nikamuuliza, na wanapata nini? Akafikiria. Akasema wengine wanalipwa na makampuni, na wengine wanapenda tu. Nikamwambia hiyo sasa naielewa. Dume letu la ng'ombe halijawahi kumlipisha jirani.

Nilidhani Linux ni moja. Kumbe ni kama kuingia soko la mifugo pale Bissil asubuhi: zimejaa, kila moja na rangi yake, na kila mwenye nayo anapiga kelele kwamba yake ndiyo ya ukweli. Nikaanza kuangalia video kwa simu wakati duka limetulia. Vijana wanagombana huko. Mmoja alikuwa anasema kwa hasira kwamba mtu anayetumia Linux rahisi si mwanaume. Mimi na umri wangu huu, na watoto niliozaa, maneno yakanichoma. Nikachagua ile aliyoisifu yeye.

Hii ndiyo tabia yangu tangu ujana na nataka uijue, kwa sababu nafikiri umeirithi. Nikiingia soko naenda moja kwa moja kwa fahali mwenye pembe kubwa. Sitazami kama anafaa boma langu, natazama kama watu watanitazama nikimpeleka. Kuna mmoja nilimleta hivyo akavunja ua, akavunja mlango wa choo, akamkimbiza chifu. Babu yako hakunikaripia. Alisema tu, "Paashe, mrudishe yeye ama utuhamishe sisi."

Basi nikaitia hiyo Linux ya wanaume kwa flashi, Njoroge akinisaidia, nikawasha. Skrini ikawa nyeusi. Hakuna picha, hakuna kitu cha kubonyeza, ni kamstari kamoja tu kanapepesa. Nikangoja. Kakaendelea kupepesa. Nikaona pengine inataka nianze mimi, nikaandika "habari". Ikanijibu kwamba haijui amri kama hiyo. Nikaandika "supa", labda inaelewa Kimaasai. Hiyo pia haijui. Nikaandika jina langu kamili na la baba yangu. Ikasema haijui. Njoroge alikuwa amekalia gunia la pumba anacheka mpaka mteja aliyekuja kununua glavu za kukamulia akaondoka bila glavu.

Kwa hivyo siku ile ya pili nilichagua kama mtu aliyeoa. Nilimuuliza Njoroge, gani ni mpole? Gani haipigi teke mtu akija kwa mara ya kwanza? Akasema kuna nyingi zilizo pole, Ubuntu watu wengi wanaijua, lakini kwa mashine nzee kama hii angechukua Mint, na ndani ya Mint angechukua ile nyepesi kuliko zote, inaitwa Xfce. Nikamuuliza maswali yangu yote. Mtu aliyezoea Windows atapotea? Akasema hapana, kitufe cha kuanzia kiko kona ile ile ya chini. Ikikwama, kuna watu wa kuuliza? Akasema andika shida yako kwa intaneti utakuta mtu alishapata hiyo shida kabla yako na mwingine alishamjibu. Hilo ndilo lilinimaliza. Kitu ambacho watu wengi wanakitumia na hawaoni aibu kuuliza, hicho ndicho cha kumpa mtu anayeanza. Uchague hivyo hata mambo mengine. Sitasema gani, mama yako alishasema.

Na uzuri mwingine: unaijaribu kabla ya kuiingiza. Unachomeka flashi, unawasha mashine huku ukibonyeza kile kitufe cha juu cha kuchagua, kwa hii yako ni F12, na ukichelewa unaanza tena, mimi nilichelewa mpaka kidole kikaota sugu. Halafu Linux inafunguka yote ikitoka kwa flashi, bila kugusa kitu chochote ndani ya kompyuta. Unaangalia kama waifai inashika, kama sauti inatoka, kama kamera inaona. Usipoipenda unachomoa flashi unaenda zako, na mashine inabaki vile ilikuwa. Sijui soko lingine ambapo unaweza kukaa na ng'ombe nyumbani siku nzima, umkamue, halafu useme hapana asante.

Sasa nakuja kwa ile sehemu ambayo wewe hujui, kwa sababu ulikuwa Matasia kwa shangazi yako.

Nilitaka kujifunzia pahali pengine kwanza, nisije nikaharibu zawadi ya mtoto. Jumamosi moja mama yako alienda Kajiado kwa mkutano wa walimu, akaacha kompyuta yake mezani. Nikaona hii hapa. Nitamfanyia yake pia, akirudi atashangaa. Kwa hilo la kushangaa sikukosea.

Nilichomeka flashi, nikajaribu, kila kitu kikakubali. Nikabonyeza kile kipicha cha kuiingiza moja kwa moja. Ikaniuliza lugha, ikaniuliza kibodi, ikaniuliza kama iongeze vile vitu vya kufungulia video, nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Halafu ikauliza swali la maana: niikalishe kando ya ile iliyoko, ama nifute diski yote nianze upya? Naserian, mimi nimelelewa na mifugo. Boma likiingiwa na ugonjwa, unahamisha wanyama, unachoma, unaanza upya pahali safi. Hivyo ndivyo nilifundishwa. Nikabonyeza kufuta. Ile sehemu ya kuhamisha wanyama kwanza haikunijia akilini.

Mama yako aliingia jioni akiwa mchangamfu, amebeba ndizi. Akaona skrini mpya, ina rangi ya kijani, inang'aa.

"Baba Naserian, hii ni nini?"

"Nimekuongezea mwendo."

Akakaa. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. "Maazimio yangu ya kazi yako wapi?"

"Gani?" nikauliza, kama kuna mengine yaliyopona.

"Ya muhula mzima. Na mitihani. Na picha za Naserian akipokea zawadi ya hesabu."

Nikamweleza kuhusu boma. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Kisha akasimama, akaenda kulala na ndizi zake.

Baada ya hapo aliongea nami kupitia kwa paka. "Mwambie chakula kiko mezani." "Muulize kama amelipa stima." Wewe ulipiga simu ukauliza mbona Yeyo, mama yako, anaongea na paka, nikakwambia ni umri. Tafadhali usimfikishie hilo.

Ile kazi tuliirudia wawili. Yeye anasoma kutoka kwa madaftari ya zamani, mimi nachapa kwa vidole viwili. Sasa mimi najua Sayansi ya Gredi ya Tano kuliko mtoto yeyote wa Kitengela. Niulize chochote juu ya mmea na sehemu zake. Na katika kukaa pale, mama yako akaanza kunisukuma kiti. Akaizoea ile Mint haraka kuliko mimi. Juzi nilikuwa natafuta pale pa kubadilisha ukubwa wa maandishi, nimepotea kabisa, akanyoosha mkono bila kuniangalia akasema, "Baba Naserian, lete." Nilimpa. Nikaenda kuangalia tangi la maji.

Zile picha zako za zawadi ya hesabu hazikurudi. Hilo linaniuma mpaka leo na sina mzaha nalo. Linaniuma zaidi kwa sababu nilichokosea kwa kompyuta nilikuwa nimekikosea zamani kwa ng'ombe, na nilipaswa kuwa nimejifunza.

Babu yako hakuwahi kuweka ng'ombe wake wote pahali pamoja. Wachache Isinya, wachache Namanga, wachache Loitokitok, kila mmoja kwa Paashe wake. Mimi niliposoma kidogo na kupata kazi nikaona huo ni ushamba. Nilikuwa nimejenga geti. Nilitaka nikitoka asubuhi na kikombe cha chai niwaone wote kwa macho. Nikazunguka kwa marafiki nikawakusanya mmoja mmoja. Ni mmoja tu alikataa, Ole Sampu wa Loitokitok, ambaye nilikuwa nimemwachia Nado. Akasema, "Ana mimba, njia ni ndefu, simpi mtu." Nikamwita mwizi. Mbele ya bibi yake, Naserian, nilimwita mwizi.

Kisha mvua ikakosa, ikakosa tena. Wewe ulikuwa unatambaa. Wale niliowakusanya walianguka pale pale getini ambapo nilitaka kuwaona, na nikawaona kila mmoja, mpaka nikaacha kutoka nje na chai. Mvua iliporudi sikuwa na kwato moja. Halafu asubuhi moja Ole Sampu akaja kwa miguu kutoka Loitokitok, amekonda, na mbele yake ni Nado na ndama wake. Hakusema chochote juu ya lile neno nililomwita. Alisema, "Paashe, wako hawa." Nikamfungulia geti. Maziwa yaliyokusimamisha ukaanza kutembea yalikuwa ya huyo ng'ombe.

Ndiyo sababu katika mfuko wa pembeni wa lile begi utakuta flashi ndogo nyekundu. Kila ukimaliza kazi ya maana, weka nakala hapo, na hiyo flashi usiiweke pamoja na kompyuta, kwa sababu mwizi akichukua begi atachukua vyote. Nyingine mtumie mama yako kwa imeili. Pia nimekuwekea kitu kinaitwa Timeshift. Kila wiki kinahifadhi mfumo wenyewe vile ulivyo, ukiharibika unaurudisha nyuma. Lakini sikia vizuri: hicho kinachunga Linux, hakichungi kazi zako za shule. Kazi zako ni wewe na flashi. Nilidhani kinachunga yote, mama yako ndiye alisoma maelezo.

Kwa kompyuta yako nilifanya kila kitu kwa adabu. Nilihakikisha hakuna cha mtu ndani, nikamuuliza Njoroge tena, akasema hakuna. Nikachomeka chaja. Nikajaribu kwa flashi kwanza, nikaingiza, na katikati stima ikapotea mtaa mzima. Nikasimama katikati ya duka nimeshika kichwa. Betri ikashikilia. Nilikuwa nimeikashifu hiyo betri kwa Njoroge siku nyingi, na nimeshamwomba msamaha.

Baada ya hapo nikafanya masasisho yote. Kuna kipicha kama ngao pale kona ya chini. Kikikuita, usikipuuze, lakini ngoja uwe kwa waifai ya chuo, usimalize data yako. Kuna LibreOffice ya kuandikia kazi. Mwalimu akitaka faili ya Word, unahifadhi kwa docx na yeye hatajua. Programu ukitaka, zichukue kwa ile sehemu yake inaitwa Meneja wa Programu, usiokote za kuokota njiani kwa mitandao, tumeshaongea juu ya chupa isiyo na lebo. Na mtu yeyote akikuambia ubandike amri kwa lile dirisha jeusi, soma kwanza inafanya nini. Mimi niliandika "habari" nikapona, lakini kuna maneno mengine hayaponi.

Nilipomaliza nikaanza kuingoja ikatae. Nilitaka niikamate na kosa, nijifunze dawa yake, ili ukipiga simu nikute niko tayari. Nikaiunganisha na printa ya duka, ile ambayo huwa inatushinda sote. Ikachapa mara moja. Nilikasirika, nisikudanganye. Nikaifunga na kuifungua, nikaibeba kwa pikipiki mpaka Kajiado na kurudi kwa ile barabara ya mawe, nikaweka video, muziki, barua, vyote pamoja. Haikukwama. Njoroge akaniuliza, "Mzee, unatafuta nini haswa?" Nikasema naijaribu tu. Akaniangalia vile anaangalia simu iliyoanguka kwa maji.

Ndio nikakaa chini nikaona nimejichimbia shimo. Nilijifunza hii kitu ili unihitaji, na nimeifanya vizuri mpaka hutanihitaji.

Basi nikapata wazo. Nikaweka paswadi. Na katika barua ya kwanza, si hii, ile nyingine iliyo kwa pipa, nilikuandikia kila kitu isipokuwa hiyo paswadi. Mwishoni nikaandika, "Paswadi siandiki hapa, nipigie nitakuambia." Nilifurahi. Niliona utafika, utafungua kompyuta, itakuuliza, na utalazimika kunipigia usiku huo huo. Pengine ningekuambia nusu, nusu nyingine wiki ijayo.

Mama yako ananiletea chakula cha mchana dukani, unajua. Aliikuta kwa kaunta akaisoma yote amesimama, na sufuria mkononi. Nikadhani atacheka. Aliweka sufuria chini akasema, "Baba Naserian. Mtoto atafika jioni, amechoka, hajui mtu, anafungua kitu cha kwanza kutoka kwao na kinamfungia mlango. Ndiyo unataka akukumbuke hivyo?"

"Nataka apige simu."

"Atapiga akitaka. Ukimfungia atapiga kwa shida, na wewe utazoea kumngoja apate shida." Kisha akanitilia ugali, akakaa kwa gunia, tukala. Baadaye akaniambia kwamba jana wewe mwenyewe ulikuwa umejifungia bafuni unalia, na ulipotoka ukasema ni sabuni. Mimi sikujua. Nilikuwa nimekuona unakula chapati nikafikiri hofu yote ni yangu, na hata mwanzo wa barua hii nimeunakili kutoka kwa ile ya pipa.

Mteja amekuja, ngoja.

Nimerudi. Alitaka dawa ya minyoo ya mbwa, na aliniuliza kama macho yangu yameingiwa na pumba. Nimesema ndiyo, hapa ni vumbi tupu.

Paswadi ni nadoalirudi. Herufi ndogo zote, usiache nafasi. Njoroge anasema paswadi haiandikwi kwa karatasi, kwa hivyo ukishaingia, ibadilishe. Weka yako mwenyewe, na usiniambie ni gani.

Sasa nimekupa yote. Kompyuta inafanya kazi, flashi iko mfukoni, maelezo mama yako anayajua kuliko mimi, na mlango hauna kufuli yangu. Hakuna kitu hata kimoja kilichobaki cha kukufanya unihitaji.

Nipigie hata hivyo.

Ni mimi,
Pakompyuta wako